Kurudi Tukuyu, Kulikoanzia Ualimu Wako: Jinsi ya Kujipanga

Kabla ya kukata tiketi, hakikisha shule yako ya kwanza iko halmashauri gani leo. Aliyepangiwa zamani Rungwe, wilaya ya mkoa wa Mbeya ambayo mji wake ni Tukuyu, anaweza kukuta shule iko chini ya Halmashauri ya Busokelo, yenye makao yake Lwangwa, na ofisi za Tukuyu mjini hazina tena faili la shule hiyo. Shule nazo hugawanywa wanafunzi wakizidi: eneo moja, walimu wakuu wawili, na jina ulilolizoea limebaki upande mmoja tu. Mwulize afisa elimu kata kwa simu.

Nenda kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti. Machi hadi Mei mvua ya Rungwe haina mchezo, na barabara za udongo huteleza hadi bodaboda anakushusha njiani. Juni shule hufungwa. Septemba darasa la saba wana mtihani wa taifa. Karibu na Agosti 8, maonyesho ya Nane Nane hujaza magari na gesti za Mbeya. Kutoka Mbeya unapita Uyole, kama kilomita 70 za lami. Sweta nzito usiiache.

Mwandikie mwalimu mkuu wiki mbili kabla: jina, miaka uliyofundisha, masomo, siku utakayofika. Ukitaka kuingia darasani au kupiga picha wanafunzi, barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa mwalimu mkuu. Fika wakati wa chai ya saa nne, walimu wakiwa ofisini, na usaini kitabu cha wageni kwanza. Rimu mbili za karatasi na katoni ya chaki zinatosha. Mkabidhi mkuu mbele ya wenzake. Wanafunzi usiwagawie pesa. Watagombana, na atakayewajibu wazazi ni mwalimu wa zamu.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kuulizia watu. Ukitaja jina hadharani, "Mwalimu fulani yuko wapi?", kumbe alishafariki, ofisi nzima inanyamaza na wewe unabaki umeduwaa. Andika majina ya wenzako wa enzi zile kwenye karatasi, kisha mtafute mzee mmoja aliyestaafu hapo hapo na mpitie orodha wawili tu, faraghani. Penye msiba, nenda nyumbani kwa wafiwa kabla ya matembezi mengine, na rambirambi kwenye bahasha. Hata ikiwa imepita miaka kumi, pole yako itapokelewa. Usiende ukiangalia saa. Tenga nusu siku.

Wanafunzi wako wa zamani usiwatafute kwa jina la ukoo pekee: ukisema Mwaipopo utaletewa nusu ya kata. Taja mwaka aliomaliza, kijiji na jina la baba. Rejista ya uandikishaji inayo hayo. Mwombe mwalimu mkuu akuangalizie, usiipige picha.

Picha za zamani zitolee nakala mbili mbili, na nyuma uandike kwa penseli mwaka na majina. Zile za asili ziache nyumbani, kwa sababu zitaombwa na kukataa ni vigumu. Nakala moja ni ya shule. Ya pili ipe familia ya mwenzako aliyefariki; mara nyingi watoto wake hawajawahi kumwona baba yao akiwa kijana mwenye chaki mkononi.