Kabla ya kununua mabibo ya mvinyo, uliza salfa

Mnaotengeneza mvinyo wa mabibo huku Newala, Tandahimba na Masasi: kabla ya bei, muulize mkulima alipuliza salfa mara ya mwisho lini. Salfa inaokoa mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, sawa, lakini vumbi lake likibaki kwenye tunda, hamira inaligeuza kuwa harufu ya yai viza, na harufu hiyo ikishaingia kwenye mvinyo kuitoa ni kazi kweli. Wenye zabibu Dodoma nao wana shida hiyohiyo. Ndiyo maana mimi nanunua kwa wazee wenye mikorosho ya zamani ninaowaamini. Wanakujibu ukweli hata kama watakosa mauzo.

Chukua yaliyookotwa asubuhi ileile, maana bibo halilali. Yaoshe vizuri, kamua, chuja.

Ukakasi je? Koroga uji mwepesi wa wanga wa muhogo uliopoa ndani ya juisi, acha itulie. Utaona utando mzito unashuka chini, juu inabaki safi. Teka hiyo ya juu taratibu, usitikise ndoo, ndipo uweke sukari na hamira.