Barafu kwa viungo vilivyoachwa na chikungunya

Homa ya chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, huondoka kwa wiki moja hivi, lakini maumivu ya vifundo, magoti na vidole yanaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi. Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutoka kusini mwa Tanzania ugonjwa ulikotambuliwa mwaka 1952, na maana yake ni kujikunja. Mtazame mgonjwa akishuka kitandani alfajiri, utaelewa.

Wengi hufika kwangu wakiwa wameshakandwa maji ya moto, na kifundo kimezidi kufura.

1. Gusa kiungo kwa mgongo wa kiganja, kisha cha upande wa pili. Kikiwa na joto na uvimbe, tumia barafu. Kama kimekakamaa tu, maji ya vuguvugu yatakusaidia zaidi.

2. Mwenye selimundu asiweke barafu kabisa. Vivyo hivyo mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, au mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe kwa baridi.

3. Pondaponda barafu, itie kwenye mfuko pamoja na maji kidogo ili ikumbatie kiungo, kisha uzungushie kipande cha kanga kilicholoweshwa. Isiguse ngozi moja kwa moja, huunguza.

4. Pandisha mguu juu ya mto, weka barafu dakika 10 hadi 15. Baada ya dakika 5 funua uangalie: wekundu kidogo si tatizo, lakini ngozi ikiwa nyeupe au ikichoma, ondoa. Rudia mara 3 kwa siku, ukipumzisha ngozi saa 2 au zaidi.

5. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanatoa barafu na kulala. Barafu haiponyi kiungo, inakupa nafasi ya kukisogeza. Subiri ganzi iishe, kisha chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, polepole. Kwa mikono, kunja ngumi na ukunjue mara 10. Kesho yake maumivu yakizidi, punguza mazoezi nusu, usiache.

Kwa dawa, anza na paracetamol. Diclofenac, ibuprofen na aspirini zisubiri hadi daktari ahakikishe si dengue, homa nyingine ya mbu, kwa sababu dengue inaweza kuleta kutokwa damu.

Homa ikirudi na kiungo kimoja kikafura ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe ukipita miezi 3, omba rufaa kwa daktari wa viungo.