Somo: Orodha inayokata tarakimu na ripoti inayotoka nje ya karatasi

Mabati 120 yaligeuka 12 kwenye simu ya kijana wa stoo, na kosa lilikuwa langu.

Duka ni la vifaa vya ujenzi, upande wa Gerezani, Kariakoo. Programu ya kutolea mzigo niliandika mimi. Kila mstari wa orodha ulikuwa na vitu viwili tu, jina la bidhaa na idadi. Kwenye kompyuta yangu nyumbani Sinza kila kitu kilikaa sawa. Kwenye simu ya stoo jina la bidhaa lilikuwa refu, likaisukuma idadi hadi ukingoni mwa skrini. Kwa kuwa kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, nilikuwa nimeandika `overflow: hidden`, yaani “ficha kinachozidi”, ili mstari usivurugike, tarakimu ya mwisho ikafichwa kimyakimya. Kirikuu ikaondoka na mabati 12 kwenda Chanika. Fundi alikuwa ameshamaliza kenchi na ana vibarua wawili wanasubiri. Siku yao ikapotea.

Ndiyo maana naandika somo hili kwa urefu. Wengi wetu tunaona vipimo vya skrini kama urembo wa mwisho, kazi ya kumalizia baada ya hesabu kukubali. Kwa mtu anayepakia mzigo, kile kinachoonekana kwenye skrini ndiyo hesabu yenyewe.

Kabla ya hatua, shikeni jambo moja. Kila tatizo la ukubwa lina swali chini yake: nani anaamua, kinachobeba au kilichobebwa? Maji ukiyamimina kwenye ndoo, ndoo ndiyo inayoamua umbo. Fenesi ukilitia kwenye mfuko laini, fenesi ndilo linaloamua, na mfuko unapasuka. Kivinjari, usipokiambia vingine, mara nyingi kinalipatia fenesi mamlaka.

Hatua ya 1: Ona kwanza, usiguse

Usianze kwa kubadilisha namba ukitumaini mojawapo itakubali. Ipe kila elementi ya ukurasa, yaani kila kisanduku kinachoujenga, `outline: 1px solid red`. Nasema outline, si border, kwa sababu border inachukua nafasi na itabadilisha hicho unachotaka kupima. Mistari myekundu itakuonyesha kisanduku gani kimetoka nje ya mwenzake.

Kisha weka data ngumu. Tuna tabia ya kujaribu kwa “Juma” na “5,000”. Weka jina la mteja lenye majina matatu kamili, weka 128,750,000, na ubane upana hadi pikseli 360, maana simu nyingi za Android zinazouzwa hapa mjini zinaripoti upana huo au karibu na huo. Mwisho, kuza maandishi kwenye mipangilio ya simu. Mama mwenye duka amekwisha kuyakuza, hata kama hajakwambia.

Hatua ya 2: Mambo mawili ya msingi

Hakikisha ukurasa una tagi ya viewport, ile inayokiambia kivinjari kitumie upana gani, yenye `width=device-width`. Bila hiyo, vivinjari vya simu kwa kawaida hujifanya vina upana wa pikseli 980, kisha hupunguza kila kitu mpaka maandishi yanakuwa kama mchanga.

La pili ni `box-sizing: border-box` kwa elementi zote, ili nafasi ya ndani na mpaka vihesabiwe ndani ya upana. Bila hiyo, kisanduku chenye upana wa 100%, nafasi ya ndani ya pikseli 16 kila upande na mpaka wa pikseli 1, kinazidi mzazi wake, yaani kisanduku kinachokibeba, kwa pikseli 34. Ule msogeo mdogo wa ukurasa kwenda kushoto na kulia, unaosumbua kidole, mara nyingi unatokea hapa.

Hatua ya 3: Mstari wa orodha

Hapa ndipo mabati yalipopotelea, kwa hiyo twende polepole.

Ukitumia `display: flex` kupanga vitu sambamba, kila mtoto wa mstari, yaani kila kilichobebwa ndani yake, ana `min-width: auto`. Maana yake: “nipunguze, ila si chini ya kilichomo ndani yangu.” Mimi nilikuwa nimelipatia jina `white-space: nowrap`, kwa hiyo kilichomo kikawa jina zima bila kukunjika. Jina likakataa kupungua na idadi ikasukumwa nje.

Dawa ni kugawa mamlaka waziwazi. Jina lipewe `flex: 1` pamoja na `min-width: 0`, ili likubali kupungua. Idadi au kiasi kipewe `flex: none` na `white-space: nowrap`, ili kisiguswe na mtu yeyote. Halafu ondoa `overflow: hidden` kwenye mstari mzima. Kama kuna kitu kinatoka nje, bora kionekane kikitoka kuliko kukatwa usijue. Namba haikatwi. Ikikosa nafasi, ishuke mstari wa chini, lakini tarakimu zote zionekane.

Sasa swali la vile vidoto vitatu, yaani `text-overflow: ellipsis`. Masomo mengi yanafundisha kuviweka kwenye jina na kuendelea na safari. Kwa Kiswahili mimi nimeviacha kabisa kwenye orodha za bidhaa, na sababu iko ndani ya lugha yetu. Sisi tunataja kitu kwanza, sifa zake zinafuata. Bati la migongo mipana geji 28. Bati la migongo mipana geji 30. Bomba la PVC inchi 2, Bomba la PVC inchi 4. Tofauti yote iko mwishoni, na mwisho ndio unaokatwa. Skrini inabaki na mistari mitano iliyoandikwa “Bati la migongo mi…” na kijana wa stoo anabahatisha. Hata kwenye malipo ni vilevile: “Malipo ya…” ya nini? Ya awali, ya mwisho, ya usafiri?

Kwa hiyo liondolee jina ile `nowrap`, uliache likunjike mistari miwili. Orodha itakuwa ndefu kidogo, na hakuna ubaya, kidole kinajua kusogeza. Kama ni lazima ufupishe, fupisha kwenye data: tenga “geji 28” iwe safu yake ndogo chini ya jina.

Namba ndefu zisizo na nafasi, kama tokeni ya umeme ya LUKU yenye tarakimu 20, zinahitaji uamuzi mwingine. `overflow-wrap: anywhere` itaikunja, lakini popote, na anayeingiza kwenye mita atapotea. Igawe makundi matano ya tarakimu nne nne yenye nafasi katikati. Itakunjika mahali pazuri na itasomeka kwa sauti.

Hatua ya 4: Kimo

Fupi: usifunge kimo cha mstari kwa `height`. Tumia `min-height: 48px` na nafasi ya ndani, mstari ukue maandishi yakikua. Pikseli 48 ndicho kipimo ambacho Google inapendekeza kwa kitu cha kuguswa kwa kidole. Kwa ukurasa mzima tumia `100dvh`, yaani kimo chote cha skrini kinachoonekana kwa wakati huo, badala ya `100vh`, kwa sababu ile ya zamani haihesabu upau wa anwani unaoonekana na kujificha. Na kama una upau uliogandishwa chini, ipe orodha nafasi ya chini inayolingana nao, vinginevyo mstari wa mwisho hauonekani kamwe.

Hatua ya 5: Ripoti ni karatasi

Kosa kubwa ninaloliona ni kuchukua ile orodha ya simu, kuinyoosha, na kuiita ripoti. Orodha haina kipimo chake, inafuata skrini iliyoishika. Ripoti ina milimita zake, na hazibembelezeki.

A4 ni milimita 210 kwa 297. Ndani ya `@page`, kanuni ya CSS ya kupanga karatasi, andika `size: A4` na `margin: 15mm`. Umebakiwa na upana wa milimita 180. Huo ndio utajiri wako wote, ugawe kwa kalamu kabla ya kuandika msimbo. Kwa ripoti ya mauzo mimi nagawa hivi: tarehe 24, idadi 16, bei 30, jumla 34. Hizo ni 104, na 76 zinazobaki ni za maelezo. Kisha lipe jedwali `width: 100%` na `table-layout: fixed`, upana uuandike kwenye mstari wa kwanza. Fixed ndiyo inayolinyang'anya fenesi mamlaka: safu zinakaa ulivyopanga, maelezo yanakunjika ndani ya zile 76.

Namba zipangwe kulia, na uongeze `font-variant-numeric: tabular-nums` ili tarakimu zote ziwe na upana mmoja, kama fonti yako inazo. Mhasibu anayepitisha rula chini ya safu ataona tofauti.

Kwenye kurasa nyingi, weka `break-inside: avoid` kwa kila mstari ili usikatwe katikati. Sehemu ya sahihi nayo vivyo hivyo, isije “Imeidhinishwa na” ikabaki ukurasa wa tatu na mstari wa kutia sahihi ukaenda wa nne. Vichwa vya safu vikiwa ndani ya `thead`, sehemu ya juu ya jedwali, vitajirudia vyenyewe kila ukurasa, na hilo tunalitaka. Lakini `tfoot`, sehemu ya chini ya jedwali, nayo inajirudia! Ukiweka jumla kuu mle, itachapwa chini ya kila ukurasa, na msomaji atadhani ni jumla ya ukurasa huo. Ipe `display: table-row-group` wakati wa kuchapa, itatoka mara moja tu, mwishoni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbagala, anaandika programu ya VICOBA:* Mkuu, asante kwa somo. Ripoti yangu ina wanachama 84. Kwenye skrini naona wote nikisogeza, nikichapa inatoka karatasi moja tu, wengine wamepotea. Nimebadilisha printa mbili.

*Jibu:* Printa haina kosa, ndugu yangu. Bila shaka jedwali liko ndani ya kisanduku chenye `height: 100vh` na `overflow: auto`. Karatasi haisogezwi kwa kidole, kwa hiyo kinachapwa kile tu kilichokuwa kinaonekana. Ndani ya `@media print`, panapokaa amri za wakati wa kuchapa tu, kipe kisanduku hicho, na wazazi wake wote wa juu, `height: auto` na `overflow: visible`. Mzazi mmoja ukimsahau, tatizo linabaki palepale.

*Mwanafunzi wa chuo, Ubungo:* Shikamoo mwalimu. Kichwa cha jedwali nimekipa `position: sticky` na `top: 0` ili kigande juu, lakini bado kinapanda pamoja na mistari.

*Jibu:* Marahaba. Panda juu mzazi mmoja mmoja utafute mwenye `overflow` ya hidden au auto. Sticky inashikamana na kisanduku cha karibu chenye sifa hiyo, siyo na dirisha. Ukimkuta na hana sababu ya kuwa nayo, iondoe. Kama anayo, mpe kimo ili usogezaji ufanyike ndani yake.

*Mwanachama wa Kinondoni:* Programu zangu za simu naziandika kwa Flutter, haya ya CSS hayanihusu. Napata mistari ya njano na nyeusi pembeni ya `Row`, ile inayopanga vitu sambamba. Nikiweka `ListView`, yaani orodha ya kusogeza, ndani ya `Column` inayopanga vitu juu hadi chini, inagoma kabisa.

*Jibu:* Dada, yanakuhusu, maneno tu ndiyo yamebadilika. Ile njano na nyeusi inakwambia kilichomo kimezidi kinachobeba, na mimi naipenda kwa sababu haifichi kama nilivyoficha mabati. Funga `Text` ya jina ndani ya `Expanded`, inayokipa kitu nafasi iliyobaki, kiasi kiache bila. Kwenye `Column`, `ListView` inauliza “kimo changu mwisho wapi?” na hakuna anayeijibu, maana `Column` haiwekei watoto wake mpaka wa kimo. Ifunge nayo kwa `Expanded`. Usikimbilie `shrinkWrap`, inayoifanya orodha ijipimie kimo kwa vilivyomo: kwa orodha ya watu kumi hutaona tofauti, ila kwa elfu moja inalazimika kuijenga yote kwa mkupuo, na simu italemewa.

*Mwenye duka la dawa, Tegeta:* Mimi si mtaalamu, kijana wangu ndiye anaandika. Risiti zetu za karatasi ndogo bei inashuka chini na kuchanganyika na dawa inayofuata. Nimwambie nini?

*Jibu:* Mwambie ahesabu herufi, mzee wangu. Karatasi ya milimita 58 kwa kawaida inachapwa milimita 48 tu, sawa na nukta 384. Fonti ya kawaida ya printa hizo ina upana wa nukta 12, kwa hiyo mstari una herufi 32, basi. Jina la dawa pamoja na kipimo chake linakula 25 bila shida, bei ikose pa kukaa. Jina likae mstari wake peke yake. Mstari wa pili uanze na idadi kushoto, jumla imalizie kulia. Ikiwa risiti ni ndefu sana kwenu, ipo printa ya milimita 80, hiyo inatoa herufi 48. Na dawa tafadhali zisifupishwe majina, miligramu zionekane zote.

*Mwanachama, ofisi iko Posta:* Nimefuata hatua ya 5 neno kwa neno. Kwangu ripoti imekaa. Kwa mteja, kompyuta nyingine, mistari miwili ya chini inahamia ukurasa wa pili na namba za kurasa zote zimevurugika.

*Jibu:* Mwambie afungue dirisha la kuchapa, asome ukubwa wa karatasi. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekwa Letter ya Marekani, milimita 215.9 kwa 279.4. Ni fupi kuliko A4 kwa milimita 17.6, na kivinjari kisipotii ile `size: A4` yako, hiyo ndiyo mistari yako miwili. Abadilishe kwenye printa yenyewe, ndani ya mipangilio ya mfumo, siyo kwenye dirisha la kuchapa pekee, la sivyo kesho mwenzake atakayekaa kwenye kiti hicho atakupigia simu. Angalia pia kiwango cha ukubwa kiwe 100, maana “tosheleza ukurasa” ikiwashwa, milimita zako zote zinabadilika.