Kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Gari la zamani la otomatiki likianza kusita, kubadili gia kwa kishindo au kuwasha taa ambayo hujawahi kuiona, usikimbilie kusema giaboksi imekufa. Fundi akikimbilia kusema hivyo, mwambie asubiri kidogo. Mimi sikumwambia asubiri, na habari hiyo nitaifikia.

Anza na oili ya gia, na upime mwenyewe. Gari liwe limepata moto, limesimama pahali tambarare, injini inaunguruma. Kanyaga breki, pitisha gia zote moja moja, rudisha kwenye P, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Magari mengi hupimwa hivyo, lakini si yote. Honda za zamani, kwa mfano, hupimwa injini ikishazimwa tu, kwa hiyo fungua kitabu cha gari kabla ya kubishana na mtu. Nyekundu angavu ni nzima. Kahawia imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimeanza kuteketea. Ukiona waridi yenye povu, kama maziwa yaliyotiwa rangi, zima gari papo hapo. Magari mengi hupoza oili ya gia kwa kuipitisha ndani ya rejeta, na njia hiyo ikitoboka, maji ya rejeta huingia kwenye giaboksi. Katika hali hiyo hata kufika gereji ni mbali.

Oili hii haichomwi kama ile ya injini. Ikipungua, inavuja, inama uangalie chini. Isipokuwa kama gari ni la zamani kweli, lile lenye kifaa kinachotumia mvuto wa hewa ya injini kuongoza gia. Kiwambo chake kikipasuka, injini huinyonya oili na kuichoma, ukabaki na moshi mweupe nyuma na chini pakavu kabisa.

Kuongeza je? Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabuni, basi. Oili ya CVT (giaboksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua) na ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki zenye gia) si ndugu, na wekundu si ushahidi wa kitu.

Gia ikigoma kutoka P, mwombe mtu asimame nyuma akuangalizie taa za breki. Zisipowaka, tafuta fyuzi au swichi ya pedali, kwa sababu ndiyo inayoruhusu gia itoke. Giaboksi haihusiki.

Injini ikikataa kuwaka kwenye P lakini ikawaka kwenye N, tazama kwanza swichi ya gia na urefu wa kebo yake.

Taa ya O/D OFF (yaani ovadraivu, gia ya juu ya mwendo kasi, imezimwa) ikiwaka tuli, mara nyingi umegusa kitufe kwenye mkono wa gia. Kibonyeze, itazima. Wapo waliokwenda gereji kwa kitufe hicho, siwacheki. Ikipepesa, hiyo sasa ni habari nyingine: kompyuta imeona hitilafu na inakuita.

Mimi ndiyo iliyoniita. Taa ya injini iliwaka, O/D OFF ikawa inapepesa, na gari likang'ang'ania gia moja. Kuondoka lilijikokota kama limebeba mawe, na likishachanganya halipandi zaidi. Fundi akachomeka kimashine chake kidogo, akasoma namba ya hitilafu P0700, akafuta mikono kwa kitambaa na kutoa hukumu: giaboksi imekwisha, tafuta nyingine. Nilikuwa na haraka, nikaona mashine imesema, mimi ni nani nibishe. Tukanunua giaboksi iliyotumika, kazi ikachukua siku tano. Nikalitoa gari gereji, na kabla sijamaliza barabara moja ile taa ikaanza tena kupepesa.

Aliyeniokoa ni fundi umeme, mzee asiyependa maneno mengi. Aliniuliza swali moja: "Kodi zilikuwa zipi?" (Si ya nyumba, ni namba za hitilafu.) Nikamtajia P0700. Akasubiri niendelee. Sikuwa na nyingine. Ndipo akanieleza kwamba P0700 haisemi giaboksi ina nini. Ni ujumbe tu kwamba kompyuta ya gia ina malalamiko, nenda ukaisikilize yenyewe. Vimashine vingi vya bei rahisi haviwezi kuifikia hiyo kompyuta ya pili. Cha kwake kiliifikia, kikatoa P0720, yaani hitilafu kwenye sensa, au waya wake, inayopima mwendo wa shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye magurudumu. Giaboksi mpya ilikuja na sensa yake, kwa hiyo sensa haikuwa tatizo. Akafuata waya kwa vidole mpaka mahali uliposuguana na kishikizo cha ekzosi. Ganda limelika, shaba imegeuka kijani. Akakata kipande kisichozidi urefu wa kidole, akaunga, akafunika. Taa haijarudi mpaka leo. Giaboksi yangu ya kwanza, nzima, ilikuwa imeshafumuliwa vipande kwa ajili ya magari ya watu wengine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gari lilikuwa limenionya. Wiki mbili kabla, mshale wa spidi ulikuwa ukiruka na kushuka sifuri nikiwa kwenye mwendo. Katika magari mengi mshale huo na kompyuta ya gia hupata habari kwenye sensa moja, au waya zake hupita njia moja. Mimi niligonga dashibodi kwa kiganja, nikaendelea na safari.

Kwa hiyo dai kodi zote, za injini na za gia, ziandikwe kwenye karatasi kabla mtu hajagusa spana. Usikubali zifutwe kwanza "tuone kama zitarudi". Usichomoe betri kabla hazijasomwa, maana kwenye magari mengi hilo nalo huzifuta, na gia zinaweza kubadilika kwa ukorofi siku kadhaa mpaka kompyuta ijifunze upya. Betri yenyewe ipimwe, na altaneta, na nyaya za arithi zisuguliwe zing'ae. Umeme ukiwa hafifu kompyuta hulalamikia vitu vizima. Kisha fundi akueleze ni kipimo gani kilichomwonyesha kwamba ubovu uko ndani. Akikasirika kuulizwa, peleka gari kwingine.

Taa ya joto la oili ya gia ikiwaka njiani, simama, weka P, lakini usizime injini. Iache ipumue bila kukanyagwa ili oili izunguke na kupoa. Ukiwa mlimani vuta hendibreki kwanza ndipo uweke P. Usitoe R kuingia D gari likiwa bado linarudi nyuma. Ukikwama kabisa, libebwe, au magurudumu yanayovutwa na injini yainuliwe juu, kwa kuwa pampu ya oili huzungushwa na injini na ikizimwa giaboksi inazunguka kavu. Kamba kataa, hata kama aliyesimama kukusaidia ni shemeji yako.