SOMO: Kupiga picha za baiskeli za milimani ukiwa safarini, kuanzia kufunga mzigo hadi kukabidhi picha

Wakuu, maswali ni yaleyale kila wiki: betri zipande vipi ndege, flashi iwekwe wapi, mteremko mkali mbona kwenye picha unatoka tambarare. Nayajibu hapa kwa mara moja. Ukiuliza kilichoandikwa tayari, nitakurudisha kwenye namba ya hatua.

1. Vifaa. Kamera mbili, lenzi ya mm 70-200 na ya mm 16-35, flashi mbili na rimoti zake. Kinachozidi hapo utakipandisha mlima kwa mgongo wako mwenyewe.

2. Begi. Lita 25 hadi 30, lenye mkanda wa kiunoni na wa kifuani. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, vitulie. Begi likicheza kwenye kona, linakuvuta na baiskeli yako. Pampu na spana zisikae upande wa uti wa mgongo, maana ukianguka ndizo zitakazokuumiza.

3. Betri. Za akiba zote unazibeba mkononi, haziingii kabisa kwenye mzigo wa kukabidhi. Funika ncha zake za chuma kwa utepe. Kipimo ni wati-saa: volti zidisha kwa ampea-saa. Betri ya kamera ya volti 7.2 na mAh 2,280 (yaani ampea-saa 2.28) ni kama wati-saa (Wh) 16, hiyo haina shida. Hadi Wh 100 unapita. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Juu ya 160 haipandi ndege ya abiria. Betri ya baiskeli ya umeme kwa kawaida inavuka kiwango hicho kwa mbali, ndiyo maana watu hukodi baiskeli wakifika.

4. Baiskeli ndani ya sanduku. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, zote mbili hufunguka ukiivuta kuelekea nyuma ya baiskeli. Kibadilisha giya cha nyuma kifungue, kisha kifunge ndani ya fremu. Diski za breki zitoe kama zina boliti za T25 (zenye tundu la nyota). Weka kipande cha plastiki katikati ya padi za breki, kwa sababu mkono wa breki ukibanwa bila diski, pistoni hutoka na padi hugandana. Urefu wa siti uweke alama kwa utepe.

5. Forodha, viza, bima. Pale inapokubaliwa, chukua karneti ya ATA, yaani hati ya forodha ya kuingiza vifaa kwa muda bila kulipa ushuru. Ni utaratibu uliotokana na mkataba wa mwaka 1961, na karneti moja hudumu hadi mwaka mmoja. Kila kifaa kinaorodheshwa na namba yake. Hakikisha inagongwa muhuri ukitoka, ukiingia na ukirudi: muhuri mmoja ukikosekana unaweza kudaiwa ushuru wa vifaa vyako mwenyewe. Viza ya utalii si kibali cha kazi, kwa hiyo ulizeni ubalozini kwa maandishi. Bima soma ukurasa wa visivyolipwa: kazi ya malipo, baiskeli za mteremko, na vifaa vilivyoachwa ndani ya gari.

6. Kukagua njia. Itembee kwa miguu. Tafuta kwanza mandhari ya nyuma, halafu jua litakuwa wapi saa ya kazi, halafu mwendeshaji. Kwenye kona simama upande wa ndani, kwa sababu tairi ikipoteza mshiko baiskeli huteleza kwenda nje. Usisimame mbele ya mahali pa kutua. Kwenye mashindano, ukisikia filimbi ya wasimamizi, yupo anayeshuka: toka njiani kwanza, kamera baadaye.

7. Mipangilio. Shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde): 1/1250 kugandisha, 1/2000 kwa anayeruka, 1/30 hadi 1/60 kwa picha ya kufuatisha, yaani unamfuata mwendeshaji kwa kamera ili mandhari ya nyuma itoke ukungu. Njia kama ile ya Fort William, Uskoti, juu ni mlima wazi na chini inaingia msituni, kwa hiyo ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iachie kamera ijipangie na uiwekee kikomo.

8. FLASHI MSITUNI. Hatua hii niliwahi kuiharibu vibaya, isomeni taratibu. Kosa ni kuweka flashi kwenye nguvu yote na shata 1/250, ukiamini mwanga utagandisha kila kitu. Haugandishi. Flashi ndogo kwenye nguvu yote huwaka kwa muda unaokaribia 1/250 ya sekunde, na mtu anayeshuka kwa kasi ameshasogea ndani ya muda huo. Unapata uso uliopakazika na spoki zilizogeuka ukungu. Shusha nguvu hadi 1/8 au 1/16. Flashi hizi hupunguza mwanga kwa kuukata mapema, kwa hiyo mwako unakuwa mfupi mno: matone ya matope yanaganda hewani mojamoja, unaweza kuyahesabu. Mwanga uliopungua ufidie kwa kuisogeza flashi, kufunga mbili kwenye mti mmoja, au kupandisha ISO. Na mwanga wa asili uushushe kama stopu mbili chini ya kipimo (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), la sivyo kivuli cha ukungu kitamganda mwendeshaji kama mkia. Hali ya flashi ya shata za kasi (kupita 1/250 hivi) ipo, lakini inakula mwanga mwingi. Itumie ukiwa karibu tu.

Tahadhari, na hizi si za kujadili. Usielekeze flashi kwenye macho ya anayekuja. Iweke ubavuni au nyuma yake. Kabla ya mzunguko wa kwanza mwite, muoneshe zilipo, ziwashe akiwa amesimama. Usiweke stendi ukingoni mwa njia, funga flashi kwenye shina la mti. Na kwenye mashindano omba ruhusa kwanza, flashi haziruhusiwi kila mahali.

9. Kadi. Zipe namba. Iliyojaa igeuzwe kifudifudi kwenye kasha lake. Nakili kwenye diski mbili, halafu FUNGUA picha uziangalie, usihesabu mafaili tu. Diski mbili zisisafiri kwenye begi moja. Kadi inafutwa ndani ya kamera, baada ya nakala zote mbili kukamilika. Saa za kamera zote mbili ziwe sawa.

10. Kukabidhi. Jina la mwendeshaji, mahali na tarehe ndani ya faili, mfumo wa rangi uwe sRGB. Makubaliano yaandikwe: nani anatumia, wapi, kwa muda gani. Gazeti kununua picha hakumpi mtengeneza tairi haki ya kuitumia kwenye tangazo lake.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi naanza, ninunue kamera gani?

Jibu: Hatua ya 1. Kamera yoyote inayofuata kitu kinachokimbia. Pesa weka kwenye lenzi.

Swali: Betri ya baiskeli yangu ya umeme ni Wh 504. Nikiizungushia nguo katikati ya begi kubwa, si itapita?

Jibu: Hatua ya 3. Hairuhusiwi, na kuificha ni kuhatarisha kila aliyemo ndani ya ndege. Hilo sitalijibu tena.

Swali: Sikusudii kubisha, mkuu. Nilidhani sheria hiyo ni ya betri zilizoharibika.

Jibu: Sawa, nimekuelewa. Hapana, ni ya zote. Iliyoharibika haipandi hata ikiwa ndogo.

Swali: Kaka, hilo la mteremko kuonekana tambarare hukulieleza. Nimesimama juu, kunatisha, nikitazama picha ni kama uwanja wa mpira. Kwa nini?

Jibu: Kweli dada, nimelitaja juu nikalisahau. Ukiwa juu unaelekeza kamera chini, ardhi inajaza fremu na jicho linakosa kipimo cha wima. Nenda ubavuni, pandisha mti uliosimama wima au upeo wa macho ndani ya picha. Pembe kati ya shina na ardhi ndiyo inayoeleza ukali wa mteremko. Au shuka chini kabisa, piga kwenda juu kwa mm 200: ardhi inajikunja na kusimama kama ukuta. Lenzi pana ukiwa juu ndiyo mbaya zaidi, inasukuma kila kitu mbali. Pasipo na miti, kama kwenye majabali ya Utah, Marekani, yalikoanza mashindano ya baiskeli ya Rampage mwaka 2001, tumia tabaka za mwamba zilizolala. Ila usipindishe kamera ili kuongeza ukali, miti itakuumbua.

Swali: Nikitumia shata ya kielektroniki magurudumu yanatoka kama yai, hata kwenye 1/4000. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, na swali ni zuri. Kihisi kinasoma picha mstari kwa mstari, na usomaji wote huchukua muda mrefu kuliko hiyo 1/4000. Mstari wa mwisho unasomwa gurudumu limeshasogea. Ukifuatisha kwa haraka, hata miti italala. Vipo vihisi vinavyosoma upesi kiasi cha kutoonekana. Kama chako si hicho, tumia shata ya kawaida, ile ya mitambo. Na kwa flashi, shata ya kawaida daima.

Swali: Picha za kufuatisha zote ukungu.

Jibu: Umeweka shata ngapi? Umesimama wapi? Bila hayo nabahatisha. Anza na 1/125, shuka polepole. Miguu ielekee pale utakapomalizia, zungusha kiuno, anza kumfuata kabla ya kubonyeza na uendelee baada ya hapo. Chagua kipande laini kinachopita sambamba nawe. Penye mawe mtu anaruka juu chini, hutampata.

Mchango: Kufunga flashi kwenye mti, kateni tyubu kuukuu iwe mikanda. Mpira unashika hata gome lililolowa, na ndio huohuo wa kufungia kibadilisha giya ndani ya fremu.

Jibu: Naam, hii nzuri. Bebeni mikanda minne.

Mchango mwingine: Ukitoka kwenye baridi usiku, ifungie kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuingia chumba chenye joto. Unyevu utaganda nje ya mfuko badala ya ndani ya lenzi.

Swali: Na spea gani ya baiskeli haikosekani?

Jibu: Sikio la fremu linaloshika kibadilisha giya. Limetengenezwa lipinde kabla ya fremu, na sanduku likiangushwa ndilo linaloanza. Miundo yake ni mingi mno, la mwenzako huenda lisiingie kwako. Linganisha matundu na la zamani ukiwa bado nyumbani, na ulifungie pamoja na skrubu zake.