Namna ya kuzungumza na wazazi kuhusu mazishi na wosia wangali wazima

Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Ngong, nao ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochwari miezi mitano, hadi Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilipoupa ukoo haki hiyo mwezi Mei 1987. Mahakamani, mashahidi walieleza kwamba marehemu aliwahi kutaja mahali alipotaka kuzikwa, lakini maneno hayo hayakutosha. Ndiyo maana nashauri mazungumzo haya yawahusishe mapema wale watakaoketi katika kamati ya mazishi, wala yasiishie kati ya mzazi na mtoto mmoja.

Usiyaanzishe mzazi akiwa amelazwa. Wakati mzuri ni mnaporudi kutoka matangani, ambapo watu tayari wanazungumzia jinsi mambo yalivyokwenda. Ili usiambiwe unaleta uchuro, tangulia kwa habari zako mwenyewe: "Mama, kwenye SACCO nimemwandika mdogo wangu awe mrithi wangu. Wewe umemwandika nani?" Shamba usiliguse siku hiyo, kwa maana atakayeanza na shamba ataonekana ana njaa ya urithi, na mlango ukishafungwa hivyo huchukua miaka kufunguka.

Anza na ugonjwa. Muulize ni nani angependa azungumze na madaktari iwapo yeye hataweza kusema, kama angependa kuuguzwa nyumbani, na kama anafahamu kwamba tiba shufaa hutuliza maumivu hata pale ugonjwa usipoponyeka. Majibu ya mara ya kwanza huwa mafupi. Yaache hivyo, kisha urudi siku nyingine. Akikubali, kikao kinachofuata kiwe pamoja na mjomba, shangazi au mzee wa ukoo anayesikilizwa, na mzazi mwenyewe ndiye aseme.

Mali huhitaji maandishi. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, wosia wa maandishi hushuhudiwa na watu wawili au zaidi, na ni busara wasiwe warithi, kwa kuwa zawadi aliyopewa shahidi inaweza kubatilika. Wosia wa mdomo nao hukubalika ukitolewa mbele ya mashahidi wawili, ila aliyeutoa asipofariki ndani ya miezi mitatu huwa haufai tena. Kwa Waislamu, wasia hauzidi theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi fungu bila ridhaa ya warithi wenzake, kwa hiyo ni vyema kadhi aulizwe mapema.

Msidhani kwamba kazi imekwisha karatasi ikishatiwa saini. Ndoa mpya hubatilisha wosia uliotangulia, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo hiyo. Baba aliyefiwa na mke kisha akaoa tena ana haja ya kuketi upya na watoto wake, mama wa kambo akiwapo.