Ukoka mfupi: ni asili yake, au umekanyagwa tu?

Nauza ukoka hapa Mtwara, na aibu yangu kubwa katika kazi hii niliitoa kwenye uwanja wa mpira. Niliona pale ukoka mfupi, jani jembamba, nikaomba magunia mawili nikampandia mzee mmoja wa Shangani. Masika yalipoisha akanipigia: "Mama, umeniletea malisho ya ng'ombe." Ulikuwa unafunika vifundo vya miguu. Kumbe kule ulifupishwa na mbuzi na viatu vya wachezaji. Kwake ukapata samadi na maji kila jioni.

Siku hizi siusifii ukoka wowote mpaka nimeupitisha kwenye viriba, mifuko ya kuoteshea miche.

Kwanza hakikisha ni ukoka wenyewe, Cynodon dactylon. Chimba. Ukoka una mashina yanayotambaa juu na mengine meupe, magumu, yanayopita chini kwa chini. Ukikuta ya juu peke yake, huenda umeshika ndugu yake, Cynodon nlemfuensis.

Kusanya sehemu zilizo mbalimbali kwelikweli. Mimi nilichukua mchangani Msimbati, kando ya barabara Mikindani, chini ya mikorosho Naliendele, na ule wa uwanjani ulioniponza. Usiokote vipande vitatu ndani ya ua mmoja ukadhani una mimea mitatu. Ukoka ukitambaa, eneo zima laweza kuwa mmea mmoja.

Kata vipande vyenye vifundo vitatu, kila kimoja kiriba chake, viriba vitano kwa kila sehemu. Udongo utoke rundo moja, lililochanganywa pamoja. Lebo kata kwenye kopo la soda, andika kwa msumari. Wino unafutwa na jua. Halafu vichanganye viriba, usiwapange wa Msimbati wote ukutani kwenye kivuli, na kila wiki vihamishe nafasi.

Sasa hapa ndipo watu wanapokosa subira. Baada ya miezi miwili usipime. Kata vipande vipya kutoka kwenye viriba hivyo, upande tena. Kipande cha kwanza bado kinakula akiba ya kilikotoka, shibe au njaa. Cha pili kimelelewa kwako, na hicho ndicho cha kupimwa.

Unapopima, chagua shina refu linalotambaa, hesabu kutoka ncha, upime pingili iliyo kati ya kifundo cha nne na cha tano. Ukipima karibu na ncha kwa huyu na karibu na shina mama kwa yule, umepima umri. Upana wa jani upime kwenye kifundo hichohicho kwa rula ya milimita. Ukichanua, hesabu vidole vya suke, mara nyingi 3 hadi 6.

Kwangu, wa uwanjani na wa Mikindani walifanana hata lebo zikawa ndizo za kuwatofautisha. Wa Msimbati alibaki na pingili fupi, karibu nusu ya wenzake, hata kwenye raundi ya pili. Tofauti iliyogoma kufutika kwenye udongo mmoja ndiyo ya kurithi. Msweden Göte Turesson alipanda mimea ya sehemu mbalimbali kwenye bustani moja kwa hoja hiyohiyo, na mwaka 1922 akaziita aina kama hizo ekotaipu.

Viriba havikuonyeshi kromosomu, nyuzi za urithi zilizo ndani ya seli, ila jua hili: ukoka wa kawaida mara nyingi una 36, na Cynodon transvaalensis wa Afrika Kusini ana 18. Mahuluti yao, yaani machotara wa hao wawili, kama Tifway iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ina 27, idadi isiyogawanyika sawasawa, kwa hiyo ni tasa. Mtu akikuuzia "mbegu za Tifway", mwachie mfuko wake.

Mzee wa Shangani nilimng'olea ule wa kwanza nikampandia wa Msimbati bure. Juani umetulia, mfupi kama zulia. Chini ya mwembe wake umekataa kabisa, na mzee hataki kuukata mwembe.